Sindano, roli, hewa au diaframu: pampu ipi kwa mashine ndogo ya kuchambua seli?

Pitisha shanga za kupimia (chembe ndogo zinazotoa mwanga unaolingana) kwa dakika mbili, fungua grafu ya mwanga dhidi ya muda, kisha tazama. Nukta zikikaa kwenye mstari ulionyooka, una bahati. Kwenye mashine ndogo za mezani mara nyingi utakuta mstari una meno kama msumeno, au umekatika sekunde chache mahali fulani, au unateremka polepole tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo watu huanza kuishuku leza. Wengine hupandisha volteji ya kihisi. Leza imesingiziwa tu. Shida iko kwenye maji.

Haya ni kwa anayeunda, anayekarabati au anayetaka kununua mashine ndogo ya aina hii na amekwama kwenye swali la pampu. Nitalinganisha njia nne za kusukuma kimiminika: pampu ya sindano, pampu ya roli (peristaltiki), shinikizo la hewa, na pampu ndogo ya diaframu. Zote hufanya kazi, na zote hudanganya. Zinatofautiana katika namna ya kudanganya, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuchagulia: ni uongo upi ambao kazi yako inaweza kuuvumilia?

Kinachotakiwa kutoka kwa pampu

Saitomita ya mtiririko, ndiyo mashine tunayoizungumzia, huzipanga seli foleni zipite moja moja mbele ya leza. Foleni hiyo hupatikana kwa mbinu ambayo P. J. Crosland-Taylor aliieleza mwaka 1953: sampuli hutiwa katikati ya kimiminika kingine kinachokwenda kasi, nacho huizunguka pande zote kama ala inavyozunguka kisu. Kwa hiyo nitakiita kimiminika cha ala, au ala tu.

Chukua mfereji wa mraba wenye upana wa mikromita 200. Ala inakwenda mililita 10 kwa dakika, sampuli mikrolita 10 kwa dakika. Wastani wa mwendo ni zaidi kidogo ya mita 4 kwa sekunde, na namba ya Reynolds (kipimo cha kama mtiririko ni tulivu au wa kuvurugika) haifiki 1,000, kwa hiyo maji yanakwenda kwa tabaka tulivu bila kuvurugana. Sampuli inabaki uzi mwembamba katikati, kipenyo chake mikromita 5 hadi 7 hivi. Seli inaupita mwale wa mikromita 20 kwa muda usiofika mikrosekunde 5.

Sasa roli ya pampu imepita na mwendo wa ala umeshuka kwa asilimia 5. Uzi wa sampuli unanenepa kidogo, hilo linavumilika. Lisilovumilika linatokea kwenye mashine yenye leza mbili. Tuseme zimeachana mikromita 150 na seli inakwenda mita 5 kwa sekunde. Safari kutoka leza moja hadi nyingine ni mikrosekunde 30, na mashine imefundishwa kusubiri muda huohuo. Mwendo ukishuka asilimia 5, seli inachelewa mikrosekunde moja na nusu. Mashine inafungua dirisha la kusomea, inakuta seli haijafika sawasawa, inasoma ukingo wa mwanga na kuufunga ukurasa. Matokeo yake rangi za leza ya kwanza ni safi, za leza ya pili zimetawanyika. Nimemwona mwenzangu akibadilisha antibodi (zinazozitia seli rangi) mara tatu kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kipande cha mrija laini.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa mambo matano yaleyale.

La kwanza ni utulivu wa mwendo: je, mtiririko una mapigo, na yanakwenda haraka au polepole? La pili ni uaminifu wa ujazo, yaani ukiagiza mikrolita 25 zinapita 25 kweli? Anayehesabu seli kwa kila mikrolita hana msamaha hapa: matukio 12,500 (kila seli ikipita kwenye leza ni tukio moja) kwenye mikrolita 25 ni seli 500, lakini kama zilizopita ni 22 tu, jibu la kweli ni 568, na mashine haitakwambia.

La tatu ni tabia ya pampu mrija unapoziba au kiputo cha hewa kinapoingia. La nne ni usafi na matunzo, pamoja na mabaki ya sampuli iliyopita kuingia kwenye inayofuata. La tano ni ukubwa, umeme na kelele, maana tunazungumzia mashine ya kukaa mezani, si ya kujengewa chumba.

Jambo moja kabla ya kuendelea: ala na sampuli si lazima zisukumwe na pampu ya aina moja. Ala inahitaji mililita nyingi na mwendo tulivu. Sampuli inahitaji mikrolita chache na hesabu sahihi. Ubishi mwingi kuhusu pampu bora huisha watu wakitambua kwamba mmoja anazungumzia ala na mwingine sampuli.

1. Pampu ya sindano

Mota ya hatua inazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, pistoni inasukuma kimiminika kwenye silinda ya kioo. Vali juu yake inachagua njia: kuvuta sampuli, kupeleka kwenye chemba ya kusomea, au kumwaga taka.

*Utulivu wa mwendo.* Sifa yake ni kwamba haina mapigo. Ni kweli, hadi uende polepole. Sindano ya mikrolita 250 ambayo mwendo wake mzima umegawanywa hatua 3,000 hutoa mikrolita 0.083 kwa kila hatua. Ukiagiza mikrolita 10 kwa dakika, mota inapiga hatua mbili tu kwa sekunde: tone, kimya, tone, kimya. Hayo ni mapigo, hata kama muuzaji hayaiti hivyo. Kwenye mashine yenye hatua ndogondogo 24,000 yanakuwa mapigo 16 kwa sekunde, madogo mara nane, na mrija wenyewe unayameza. Kwa hiyo usiulize tu kama ni pampu ya sindano. Uliza sindano ina ujazo gani na hatua ngapi. Sindano ndogo ni tulivu zaidi, lakini inaisha mapema. Hiyo ya mikrolita 250 ikienda 60 kwa dakika haifiki dakika tano.

*Uaminifu wa ujazo.* Hapa ndipo inapowaacha wenzake. Ujazo unatokana na kipenyo cha silinda na umbali wa pistoni, na vyote viwili ni chuma na kioo, havichoki upesi. Uongo wake uko mwanzoni: mota inapogeuka kutoka kuvuta kwenda kusukuma, kuna ulegevu kidogo kwenye skrubu, na hatua za kwanza hazisukumi chochote. Programu nzuri inasukuma kiasi kidogo kwenda kwenye taka kwanza, kisha ndiyo inaanza kuhesabu.

*Kuziba na viputo.* Sindano haijui kushindwa. Mrija ukiziba inaendelea kusukuma, shinikizo linapanda, mpaka sili (kizuia uvujaji cha pistoni) inavuja au mrija unachomoka kwenye kiungo. Hilo la pili hutokea kwa mlio mdogo na sampuli ya mtu inaishia kwenye ubao wa umeme. Weka kihisi cha shinikizo, au mota inayotambua kwamba imekwama. Kiputo nacho kinafanya kazi kama springi: pistoni inaenda, kiputo kinabonyea, na mtiririko unachukua muda mrefu kutulia. Ujazo wa pistoni unabaki sahihi, ila wakati wa kufika kwenye leza umebadilika.

*Usafi na matunzo.* Sili ya pistoni na vali huchakaa na zinabadilishwa kwa ratiba. Adui mkubwa ni bafa ya chumvi (maji yaliyotayarishwa kubebea seli) iliyoachwa ikauka: fuwele zinakwaruza sili kama mchanga. Silinda na vali vina kona ambako seli za sampuli iliyopita hubaki, kwa hiyo kusuuza ni lazima kuhesabiwe kwenye muda wa kazi.

*Ukubwa, umeme na kelele.* Wastani. Inahitaji urefu wa kutosha kwa safari ya pistoni. Mota inasikika inapojaza, si inapofanya kazi.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji hesabu kamili kwa ujazo, na anayevuta sampuli kwenye sahani za vishimo 96, kwa kuwa hahitaji kuziba mdomo wa kila kishimo. Inafaa pia mashine zisizo na ala kabisa, kama zile za Guava zinazopitisha sampuli kwenye kapilari nyembamba. Taka inakuwa kidogo sana. Mashine ya Attune, ambayo inazikusanya seli katikati kwa mawimbi ya sauti, hutumia sindano na kufikia mikrolita 1,000 za sampuli kwa dakika. Kwa ala ya kawaida ni shida: kwa mililita 10 kwa dakika, sindano ya mililita 5 inaisha kwa nusu dakika, na utahitaji mbili zinazopokezana bila kugombana.

2. Pampu ya roli

Roli zinazunguka na kuubana mrija laini dhidi ya ukuta, zikisukuma kimiminika mbele kama mtu anayekamua. Kimiminika hakigusi kitu kingine chochote zaidi ya mrija.

*Utulivu wa mwendo.* Ndiye mwenye mapigo wa familia. Kila roli inapouachia mrija, nafasi inafunguka na kimiminika kidogo kinarudi nyuma kuijaza. Kichwa chenye roli 6 kikizunguka mara 20 kwa dakika kinatoa mapigo 120, yaani mawili kila sekunde, polepole kiasi cha kuonekana waziwazi kwenye grafu ya muda. Ukitaka kujua kama msumeno unaouona ni wa pampu, hesabu meno kwa sekunde kumi na ulinganishe na idadi ya roli mara mizunguko. Zikilingana, umempata mhalifu.

Dawa zipo tatu. Roli nyingi zaidi. Vichwa viwili kwenye mhimili mmoja, kimoja kikitangulia nusu ya hatua, ili bonde la kimoja likutane na mlima wa kingine. Na kituliza mapigo: mrija laini mrefu, au chemba ndogo yenye hewa juu, ukifuatiwa na mrija mwembamba. Kwa fundi wa umeme, hicho ni kapasita na kikinzani, hakina tofauti. Na kama kwenye umeme, ukikifanya kikubwa mno kila badiliko la kasi litachukua muda mrefu kufika. Wapo wanaofunga kituliza kikubwa kisha wanalalamika kwamba mashine inachukua dakika mbili kutulia baada ya kubonyeza kitufe.

Kwamba inawezekana si nadharia. Saitomita ya Accuri C6 ilijengwa juu ya pampu za roli zenye vituliza mapigo, ikiwa na kasi tatu za sampuli: mikrolita 14, 35 na 66 kwa dakika, kwa uzi wa kipenyo cha mikromita 10, 16 na 22. Saitomita ya CytoFLEX nayo huvuta sampuli kwa roli.

*Uaminifu wa ujazo.* Ni mzuri leo, mashaka mwezi ujao. Mrija unapobanwa mara maelfu unapoteza unyumbufu wake; haurudi duara kamili, na kila mzunguko unabeba pungufu kidogo. Uongo huu ni mbaya kwa sababu hauna kelele. Hakuna kinachovunjika, hakuna kengele. Namba zinashuka tu. Mrija mpya nao hubadilika upesi saa zake za kwanza kabla ya kutulia. Kwa hiyo kalibresheni ya mara kwa mara si hiari: pima chupa ya sampuli kwenye mizani kabla na baada ya dakika kumi. Kwa mikrolita 60 kwa dakika unatarajia pungufu ya takriban gramu 0.6. Funika chupa, maana uvukizi nao unaiba.

*Kuziba na viputo.* Ni mpole. Ikizibwa, mrija unavimba au roli zinateleza, na mara chache kitu kinapasuka. Viputo vinapita bila kuidhuru pampu. Inaweza hata kurudisha nyuma: geuza mzunguko, na tonge lililoziba ncha ya mrija wa kuvutia sampuli linatoka lilikoingilia. Kwa anayefanya kazi na tishu zilizosagwa, hilo peke yake linaweza kuamua.

*Usafi na matunzo.* Badilisha mrija, umemaliza. Hakuna sili wala vali za kuharibiwa na chumvi. Kosa la kawaida ni kuacha mrija umebanwa Ijumaa hadi Jumatatu. Unabaki na kovu mahali roli zilipolala, na kovu hilo linapiga pigo lake kila mzunguko. Legeza kibano kabla ya kuondoka.

*Ukubwa, umeme na kelele.* Ndogo, umeme kidogo, sauti ya chini. Haihitaji kompresa wala tangi la shinikizo.

*Inamfaa nani.* Maabara yenye watumiaji wengi wa viwango mbalimbali, sampuli chafu, na fundi aliye mbali. Anayetaka asilimia za makundi ya seli kuliko idadi kamili atapata karibu kila anachohitaji. Hata anayetaka idadi anaweza kuipata akichanganya shanga za kuhesabia kwenye sampuli, kwa kuwa shanga na seli hupita pamoja na uongo wa pampu unajifuta wenyewe.

3. Shinikizo la hewa

Hewa inasukuma uso wa kimiminika kwenye chupa iliyofungwa, nacho kinapanda mrija. Ala ina shinikizo lake, sampuli ina lake lililozidi kidogo, na tofauti ya hayo mawili ndiyo inayoamua kiasi cha sampuli. Saitomita ya FACSCalibur, ambayo wengi wetu tulijifunzia kazi, iliendeshwa hivyo: takriban mikrolita 12, 35 na 60 kwa dakika kwa vitufe vitatu.

*Utulivu wa mwendo.* Hakuna anayeifikia. Hakuna roli, hakuna hatua. Hewa yenyewe ni mto. Ukiwa na kidhibiti kizuri, mstari kwenye grafu ya muda unakuwa kama umechorwa kwa rula.

*Uaminifu wa ujazo.* Hapa inalipa deni la utulivu wake. Umeagiza shinikizo, hukuagiza ujazo. Ujazo unategemea ukinzani wa mrija na unato wa kimiminika, na kanuni ya Poiseuille haina huruma: mtiririko unafuata nusu kipenyo kwa kipeo cha nne. Uchafu ukiupunguza mrija mzima hadi nusu ya kipenyo, unabaki na sehemu moja ya kumi na sita ya mtiririko. Joto nalo linaingilia. Unato wa maji ni takriban 1.00 mPa·s kwenye nyuzi 20 na 0.80 kwenye nyuzi 30, kwa hiyo chumba kikipata joto mchana, shinikizo lilelile linapitisha robo zaidi. Mwanafunzi aliyepima asubuhi na mwenzake wa alasiri watapata majibu tofauti na wote wawili watakuwa wamefuata maelekezo.

Kihisi cha mtiririko chenye kurudisha taarifa kwa kidhibiti kinatibu mengi ya haya, ila sasa umeongeza kifaa kinachohitaji kalibresheni yake na ambacho nacho huchafuka.

*Kuziba na viputo.* Ikizibwa inanyamaza tu. Hakuna kitu kinachopasuka, matukio yanapungua mpaka yanaisha. Viputo vina njia yao ya kuzaliwa hapa: chini ya shinikizo hewa inayeyuka ndani ya ala, na shinikizo linaposhuka kwenye chemba inatoka tena, kama soda iliyofunguliwa. Kadiri chupa inavyokaa na shinikizo usiku kucha, ndivyo asubuhi inavyokuwa na viputo vingi. Toa shinikizo unapofunga kazi.

Na kuna ule ufa. Bomba la plastiki la sampuli likiwa na ufa mwembamba kama unywele mdomoni, hewa inavuja, sampuli haipandi, na mtu anatumia saa nzima kutafuta kuziba ambako hakupo. Badilisha bomba kwanza. Kisha angalia pete ya mpira ya mlango wa sampuli.

*Usafi na matunzo.* Njia ya kimiminika ni fupi na nyofu, kwa hiyo mabaki ni machache na kusuuza ni kwepesi. Matunzo yanahamia upande wa hewa: vichujio, kidhibiti, na maji yanayojikusanya kwenye kompresa.

*Ukubwa, umeme na kelele.* Hapa ndipo mashine ndogo zilipoachana nayo. Kompresa ni nzito na inapiga kelele. Pampu ndogo za hewa zenye tangi dogo zimepunguza tatizo, hazijalimaliza.

*Inamfaa nani.* Anayetafuta CV (mtawanyiko wa vipimo) ndogo kabisa, kwa mfano kupima kiasi cha DNA ambako vilele viwili vinakaribiana, na ambaye chumba chake kina joto lisilobadilika. Haimfai anayetaka sahani za vishimo 96, kwa kuwa kila kishimo kingehitaji kufungwa.

4. Pampu ndogo ya diaframu

Utando unatikiswa na kipande cha piezo (kinachojipinda kikipewa umeme) au sumaku, ukivuta na kusukuma kupitia vali mbili za upande mmoja. Sitakaa sana hapa, kwa sababu kazi yake ni moja.

*Utulivu wa mwendo.* Ina mapigo, lakini ni ya haraka, makumi hadi mamia kwa sekunde, na mapigo ya haraka ni rahisi kuyameza kwa kituliza kidogo kuliko mawili kwa sekunde ya roli. *Uaminifu wa ujazo* ni dhaifu ikiachwa peke yake, maana kiasi kinashuka ukinzani wa mbele ukiongezeka. Ipe kihisi cha shinikizo nayo itatulia. *Kuziba na viputo*: vali zake zinachukia chembe na fuwele, na kiputo kikiingia kwenye chemba ya utando, pampu inaweza kushindwa kujivutia tena. *Matunzo*: maji safi baada ya bafa, kila siku, ikikwama, huikarabati, unaibadilisha. *Ukubwa*: za piezo zina uzito wa gramu chache na zinakula umeme kidogo sana.

*Inamfaa nani.* Anayesukuma ala au kuondoa taka kwenye mashine ya kubebeka. Usipitishe sampuli ndani yake. Seli zitabaki kwenye vali na utazikuta kwenye sampuli ya mtu mwingine.

Kabla ya kubadili pampu

Mara nyingi pampu iliyopo inatosha na kilichokosewa ni mrija. Seli nyeupe ya damu huzama takriban mikromita 3 kwa sekunde. Kwenye mrija wenye uwazi wa nusu milimita, sampuli ikienda mikrolita 10 kwa dakika, sentimita 30 zinachukua karibu dakika sita. Kuzama kutoka juu hadi chini ya mrija huo kunachukua chini ya tatu. Yaani seli zimelala sakafuni mwa mrija kabla hazijafika nusu ya safari, kisha zinafika kwa makundi. Mtu anaona makundi kwenye grafu, anasema pampu ina mapigo, anaagiza pampu mpya. Ufupishe mrija hadi sentimita 10, au uusimamishe wima, kisha upime tena.

Ondoa hewa kwenye ala kwa ombwe, au iache ifikie joto la chumba kabla ya kuitumia. Iliyotoka kwenye jokofu itatoa viputo ikipata joto ndani ya mashine. Weka kichujio cha mikromita 0.2 kwenye ala. Kwa mabaki ya sampuli, pitisha sampuli nzito mara tatu, kisha nyepesi mara tatu. Toa usomaji wa tatu wa nyepesi kutoka kwenye wa kwanza wa nyepesi, gawa kwa tofauti kati ya wa tatu wa nzito na wa tatu wa nyepesi, zidisha kwa 100. Asilimia hiyo ni yako, si ya kwenye kijitabu cha muuzaji.

Kwa hali yako

Kama unahesabu seli kwa mikrolita na jibu linaamua matibabu, weka sindano upande wa sampuli, na ala iachie roli yenye kituliza au diaframu yenye kihisi. Mchanganyiko huu una sehemu nyingi zaidi za kuharibika, ila ujazo wa sampuli unategemeka.

Kama unataka asilimia tu na watumiaji ni wanafunzi wanaobadilika kila muhula, roli pande zote mbili. Andika tarehe ya kubadilisha mrija kwa kalamu juu ya kifuniko cha pampu, si kwenye daftari ambalo hakuna anayelifungua.

Kama mashine yako ina leza mbili au tatu zilizoachana, utulivu wa ala unakuja kabla ya yote. Hewa ikiwezekana; ikishindikana, vichwa viwili vya roli vinavyopishana. Panua dirisha la kusomea la leza ya pili kabla ya kutumia fedha.

Kama mashine inasafiri garini na inatumia betri, diaframu kwa ala na sindano ndogo kwa sampuli. Au achana na ala, utumie kapilari, ukikubali kwamba itaziba mara nyingi zaidi. Kubeba ala ni mzigo kweli: mililita 10 kwa dakika ni lita 3 kwa saa tano, na lita 3 nyingine za taka za kurudi nazo.

Kama sampuli ni chafu, yenye matonge ya tishu, roli, kwa sababu ya ule uwezo wa kurudisha nyuma. Chuja kwa wavu wa mikromita 40 hata hivyo.

Kama tayari una mashine ya hewa na inafanya kazi, usiiuze kwa sababu ya mitindo. Iongezee shanga za kuhesabia, funga kipimajoto ukutani, na uandike joto pembeni ya kila matokeo.

Na kama muuzaji yuko mbele yako sasa hivi na hujaamua, mwombe mambo mawili kabla ya kuongea bei: grafu ya muda ya shanga kwa dakika kumi kwenye kasi ya chini kabisa, na ya pili baada ya mashine kufanya kazi saa nne mfululizo. Ziweke moja juu ya nyingine.